Yale haitozwi kodi ya majengo: je, New Haven haiwezi kudai chochote?

Swali: Mimi ni mama wa miaka 57, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Baada ya miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, familia yetu ilihamishiwa New Haven, Connecticut, na baadaye mimi na mume wangu tulinunua nyumba ndogo. Bili ya kodi ya nyumba inatutoa jasho kila mwaka. Jirani ameniambia kwamba zaidi ya nusu ya mali ya mji huu haitozwi kodi, na kwamba chuo kikuu kilichomo mjini kina mabilioni ya dola. Je, ni kweli? Sheria inaruhusuje jambo kama hili, na kwa nini mji usikilazimishe chuo kulipa?

Jibu: Shikamoo mama, na pole kwa bili. Jirani yako amekuambia kweli. Zaidi ya nusu ya thamani ya ardhi na majengo ya New Haven imesamehewa kodi, na sehemu kubwa ya mali hiyo ni ya Chuo Kikuu cha Yale, hospitali, serikali yenyewe na nyumba za ibada. Mji hauna uwezo wa kisheria wa kukilazimisha chuo kulipa kodi kwa madarasa, maabara, maktaba na mabweni yake. Hata hivyo, mimi ambaye kazi yangu ni fedha za serikali za mitaa naamini kwamba chuo hicho kinadaiwa na mji, ingawa deni lenyewe halimo katika kitabu chochote cha sheria, na kwamba lina njia za kudaiwa ambazo miji mingine imekwisha kuzijaribu.

Tuanze na bili yako, kwa sababu ndiyo inayoonyesha mzigo unavyohama kutoka bega moja hadi jingine. Katika jimbo la Connecticut nyumba hutozwa kodi kwa asilimia 70 ya thamani yake ya sokoni. Tuseme nyumba yako ina thamani ya dola 250,000: mthamini wa mji ataiandika katika daftari la kodi kwa dola 175,000. Tukichukua kiwango cha dola 40 kwa kila dola 1,000, ambacho nimekichagua ili hesabu iwe nyepesi lakini hakiko mbali na viwango vya New Haven vya miaka ya karibuni, bili yako itakuwa dola 7,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya dola 580 kila mwezi, mbali na mkopo wa nyumba, umeme na mafuta ya kupashia moto. Gari lako nalo hutozwa kodi na mji huohuo.

Kiwango hicho hakitoki hewani. Baraza la Madiwani hupitisha bajeti, huondoa humo fedha zinazotarajiwa kutoka serikali ya jimbo na kwingineko, na kiasi kinachobaki hugawanywa kwa thamani ya mali yote inayotozwa kodi. Kadiri mali inayotozwa inavyopungua, ndivyo kiwango kinavyopanda kwa wale waliobaki. Fikiria mtaa wenye nyumba 10 zinazochangia mshahara wa mlinzi wa usiku. Nyumba 6 zikisamehewa kwa sababu wenyewe wanafanya kazi za heri, mlinzi ataendelea kuzizunguka zote 10 kila usiku, lakini mshahara wake utatoka katika nyumba 4. Hakuna aliyefanya hila, na huenda kazi za heri ni za kweli kabisa; bado nyumba 4 zinalipia 10.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu miji ya Connecticut hairuhusiwi kutoza kodi yake ya mapato wala ya mauzo. Tanzania, ambako uliishi miaka mingi, kodi ya majengo tangu 2021 hukatwa kupitia umeme wa LUKU, ni kiasi kimoja kwa nyumba ya kawaida bila kujali thamani yake, na mishahara ya walimu wa shule za serikali hutoka serikali kuu. New Haven ni tofauti: shule, polisi, zimamoto, maktaba na pensheni za watumishi vinategemea kwa sehemu kubwa bili kama yako.

Ukipata nafasi, simama katika barabara ya Chapel, kati ya College na High. Upande wa kaskazini utaona kuta za mawe za eneo kongwe la Yale. Upande wa kusini kuna maduka na migahawa. Kuta zile hazilipi kodi ya majengo hata senti moja. Maduka yale yanalipa, na wengi hushangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya maduka ya eneo hilo ni mali ya Yale pia. Chuo hulipa kodi kwa mali yake ya biashara, na ni miongoni mwa walipa kodi wakubwa wa mji. Kwa hiyo anayesema kwamba Yale hailipi chochote anakosea, na ukienda na madai hayo katika kikao cha hadhara utajibiwa kwa dakika moja na hoja yako nzuri itaangukia hapo. Kinachoamua kama jengo litatozwa ni kazi inayofanyika ndani yake, wala jina la mmiliki peke yake halitoshi.

Sasa nije kwenye sheria, ambako watu wengi huchanganya misamaha miwili. Upo msamaha wa serikali ya shirikisho, ambao huviondolea vyuo na mashirika ya hisani kodi ya mapato. Huo haugusi bili ya nyumba. Msamaha unaokuumiza wewe ni wa jimbo, nao kwa Yale una mizizi mirefu kuliko taifa lenyewe la Marekani. Chuo kilianzishwa mwaka 1701, kikahamia New Haven mwaka 1716, na hati ya mwaka 1745, iliyotolewa wakati Connecticut ingali koloni la Uingereza, ndiyo iliyokiondolea kodi. Mwaka 1818 Katiba ya jimbo iliithibitisha hati ya Yale kwa jina, na kifungu hicho kimo katika Katiba hadi leo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya chuo cha Dartmouth cha New Hampshire, kwamba hati ya kuanzisha chuo ni mkataba ambao jimbo haliwezi kuuvunja kwa matakwa yake.

Unaona basi jinsi mlango ulivyofungwa kwa kufuli zaidi ya moja. Mwaka 1834 ulifunguliwa kidogo: Bunge la Connecticut liliweka kikomo kwamba chuo kisiwe na mali isiyohamishika iliyosamehewa kodi inayokiingizia zaidi ya dola 6,000 kwa mwaka, na hapo ndipo inapotoka kodi ya yale maduka ya Chapel. Mji ukajaribu kuupanua upenyo huo kwa hoja kwamba pango la vyumba wanalolipa wanafunzi na malipo ya chakula katika kumbi za kulia ni mapato kama ya nyumba yoyote ya kupangisha. Mwaka 1899 Mahakama ya Juu ya Connecticut iliikataa hoja hiyo na kuamua kwamba bweni na bwalo ni sehemu ya kazi ya elimu. Hukumu hiyo ina zaidi ya miaka 120, na bado ndiyo inayokufanya wewe ulipe kodi kwa chumba cha kulala cha mwanao wakati chumba cha mwanafunzi, mitaa michache kutoka kwako, hakilipiwi.

Kuhusu mabilioni, jirani yako hakutia chumvi. Fedha za wakfu za Yale zilikuwa takriban dola bilioni 41.4 mwezi Juni 2024. Ninatumia neno wakfu kwa makusudi, kwa kuwa watu wa Pwani wanalielewa jambo hili vizuri kuliko maelezo mengi ya magazeti. Mtu akiweka shamba la minazi kuwa wakfu wa msikiti, shamba haliuzwi; zinazotumika ni nazi zake, tena kwa kazi ile aliyoitaja mwenye kuliweka. Sehemu kubwa ya mabilioni ya Yale iko hivyohivyo: huyu alitoa kwa ajili ya ufadhili wa wanafunzi, yule kwa kiti cha profesa wa tiba. Wakuu wa chuo wanaposema kwamba hawawezi kuchota humo watakavyo, wanasema kweli. Lakini nazi za shamba kubwa kiasi hicho ni nyingi mno. Chuo hulenga kutumia kiasi kinachozidi kidogo asilimia 5 ya wakfu wake kila mwaka, yaani zaidi ya dola bilioni 2, na si kila nazi imewekewa sharti. Bajeti nzima ya mji wa New Haven, wenye watu wapatao 134,000, ni takriban dola milioni 700.

Ni kiasi gani basi kinachotoka? Yale imekuwa ikiutolea mji mchango wa hiari tangu miaka ya 1990. Kufikia mwaka 2021 mchango huo ulikuwa takriban dola milioni 13 kwa mwaka. Mwezi Novemba mwaka huo, baada ya miaka ya shinikizo kutoka kwa vyama vya wafanyakazi wa chuo hicho, makanisa na wakazi, Meya Justin Elicker na Rais wa Yale wa wakati huo, Peter Salovey, walitangaza makubaliano ya miaka 6 yaliyoongeza dola milioni 52, hivi kwamba jumla ya mchango wa kipindi chote ifikie takriban dola milioni 135. Nyongeza ilikuwa dola milioni 10 kwa mwaka kwa miaka 5, kisha dola milioni 2 tu katika mwaka wa 6. Naomba uutazame kwa makini mwaka huo wa 6, kwa sababu unaonyesha tabia ya fedha za hiari: mji unaajiri walimu na askari wa zimamoto kwa kutegemea dola milioni 23, kisha mkataba unapokaribia kwisha kiasi kinashuka, na mazungumzo yanaanza upya huku mwombaji akiwa na njaa na mtoaji akiwa ameshiba.

Ndani ya makubaliano hayo, hata hivyo, kuna kifungu ninachokithamini kuliko fedha zenyewe. Yale ikinunua jengo lililokuwa likitozwa kodi na kuligeuza kuwa la elimu, itaufidia mji kwa miaka 12, kwa kiasi kinachopungua hatua kwa hatua. Jengo linalotoka katika daftari la kodi ndilo jeraha linaloendelea kutoa damu, na hii ni mara moja ambapo chuo kimekubali kwa maandishi kwamba jeraha lipo. Ningependa kipindi hicho kiwe kirefu zaidi na kisiwe na mshuko, lakini ni msingi mzuri wa kujengea.

Mdaiwa wa pili ni jimbo, na hapa naomba tusimsahau, kwa sababu msamaha huu aliutoa yeye. Connecticut ina utaratibu wa miaka mingi wa kuifidia miji yenye vyuo na hospitali zisizotozwa kodi, unaojulikana kwa kifupi kama PILOT, yaani malipo badala ya kodi. Kwa miaka mingi sheria iliahidi kufidia asilimia 77 ya kodi iliyopotea kwa vyuo na hospitali, lakini fedha zilizotengwa hazikufika hapo. Mwaka 2021 Bunge la jimbo, likisukumwa na Seneta Martin Looney wa New Haven mwenyewe, lilibadilisha mpango ili miji yenye mali chache ya kutoza kodi ihudumiwe kwanza, na New Haven ikapata takriban dola milioni 49 za ziada kwa mwaka. Linganisha na nyongeza ya dola milioni 10 ya Yale, utajua ni mlango upi wenye ghala kubwa zaidi nyuma yake. Utaratibu wa namna hii si mgeni Afrika Mashariki: Kenya nayo ina mchango ambao serikali ya kitaifa inapaswa kuilipa kaunti badala ya kodi ya ardhi ya umma, na Kaunti ya Nairobi imekuwa ikidai malimbikizo makubwa. Ahadi bila fungu katika bajeti huzaa malimbikizo kila mahali.

Tena jimbo ndilo pekee linaloweza kuisaidia miji isiyo na jirani tajiri. Hartford, makao makuu ya Connecticut, ina mali nyingi zilizosamehewa kodi na haina Yale. Mwaka 2017 ilikaribia kufilisika, na mwaka uliofuata jimbo likakubali kulipa deni lake la takriban dola milioni 550.

Miji mingine imefanya nini? Boston ilianza mwaka 2011 kuzitaka taasisi zisizotozwa kodi zenye mali inayozidi dola milioni 15 zilipe robo ya kodi ambayo zingelipa kama zingetozwa, na nusu ya robo hiyo iweze kuhesabiwa kwa huduma kwa jamii. Hakuna anayeshurutishwa, na taasisi nyingi hulipa pungufu ya kiasi hicho, lakini kila mkazi anaweza kuona nani aliombwa kiasi gani na alitoa kiasi gani. Providence ilifikia mwaka 2023 makubaliano ya miaka 20 na vyuo vinne kwa jumla ya dola milioni 223.5, kati yake takriban milioni 174 kutoka Chuo Kikuu cha Brown. Philadelphia haina mkataba kama huo na Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Chuo hicho kiliahidi mwaka 2020 dola milioni 100 kwa miaka 10 ili kuondoa asbesto na rangi yenye madini ya risasi katika shule za umma, kazi ya haraka na ya maana sana kwa afya ya watoto, ingawa bado ni zawadi ambayo mtoaji ndiye aliyeichagulia kazi.

Kisa kinachokuhusu zaidi wewe kama mwenye nyumba ni cha Princeton, New Jersey. Mwaka 2011 wakazi wachache walikwenda mahakamani wenyewe kupinga msamaha wa Chuo Kikuu cha Princeton, wakidai kwamba chuo kinachogawana na maprofesa wake mapato ya hataza, yaani haki za uvumbuzi, yakiwemo ya dawa ya saratani iliyozaa fedha nyingi sana, hakiwezi kudai kwamba hakitafuti faida. Walisaidiwa na ukweli kwamba mtaa wa Witherspoon-Jackson, ambao kwa vizazi vingi ulikuwa wa Wamarekani weusi, ulikuwa ukiwapoteza wazee wake kwa sababu ya kodi. Jaji alikataa kuifuta kesi, na mwezi Oktoba 2016, siku chache kabla ya kusikilizwa, chuo kilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 18, zikiwemo dola milioni 10 za kuwasaidia moja kwa moja wenye nyumba wa kipato cha chini. Njia hiyo haiwezi kuhamishiwa Connecticut ilivyo, kwa sababu Katiba ya New Jersey haina kifungu kinachoithibitisha hati ya chuo kwa jina kama ilivyo kwa Yale, lakini ule mgawo wa kwenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba unaweza kuingizwa katika mkataba wowote, na sijaona sababu ya New Haven kutouomba.

Haki inanidai niseme pia yale ambayo chuo huyasema kwa utetezi wake. Kiwanda cha silaha cha Winchester, ambacho wakati wa Vita Kuu ya Pili kilikuwa na wafanyakazi wengi kuliko idadi ya watu wa miji mingi midogo, kilifunga milango mwaka 2006. Leo mwajiri mkubwa kuliko wote mjini ni Yale, na bila chuo hicho na hospitali inayoshirikiana nacho New Haven ingekuwa katika hali ngumu kuliko Hartford. Chuo kina polisi wake. Tangu 2010 kinafadhili mpango wa New Haven Promise, unaowalipia ada vijana wa shule za umma za mji huu wanaoendelea na vyuo vya umma vya Connecticut. Kama una mtoto wa sekondari, mwulize mwalimu wake mapema, kwa sababu kuna masharti ya wastani wa alama wa 3.0, mahudhurio ya asilimia 90 na saa 40 za kujitolea. Ninayakubali haya yote. Lakini mshahara ni malipo ya kazi iliyofanyika, wala hauondoi gharama ya gari la zimamoto linalokimbilia maabara usiku. Na viwanda vya zamani navyo viliajiri maelfu, huku vikilipa kodi.

Usidanganyike pia na kodi mpya ya wakfu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2025 imepandisha kodi ya mapato ya uwekezaji ya vyuo binafsi tajiri zaidi kutoka asilimia 1.4 hadi asilimia 8, na Yale imo katika kundi hilo. Fedha hizo zinakwenda Washington. Hakuna hata dola moja inayorudi katika mtaa wako, na chuo kitakuwa na sababu mpya ya kusema mfuko umebana.

Madai yangu, kama ningekuwa nawashauri madiwani wenu, yangekuwa kwamba mchango ufungwe kwa kanuni badala ya tarakimu: asilimia fulani ya kodi ambayo mali ya chuo ingelipa, ikipanda pamoja na thamani ya mali hiyo, kwa miaka 20 na si 6, na sehemu yake ipelekwe kwa wenye nyumba wa kipato kama chako. Robo ya Boston ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Kwa upande wa jimbo, ningedai fidia iwe haki ya kisheria isiyotegemea mwaka mzuri wa mapato.

Kwa upande wako, mama, kuna jambo la kufanya kabla hata wakubwa hawajakaa mezani. New Haven hufanya uthamini mpya kila baada ya miaka 5. Uliopita ulikuwa wa Oktoba 2021, unaofuata ni wa Oktoba 2026. Barua ya thamani mpya ikifika, soma idadi ya vyumba, ukubwa wa nyumba na hali yake kama ilivyoandikwa, kwa sababu makosa hutokea na hulipiwa kwa miaka mitano. Ukiona thamani imezidi, andika rufaa kwa bodi ya rufaa za uthamini. Tarehe ya mwisho kwa kawaida ni 20 Februari, na picha za paa bovu au ukuta uliopasuka ni ushahidi unaokubalika. Kisha mtafute diwani wa kata yako na umwulize swali moja kwa maandishi: majengo gani yametoka katika daftari la kodi tangu 2021, na kwa kila moja Yale inafidia kiasi gani mwaka huu.